Kano za Bega Huchakaa Mitaani, Si Katika Chumba cha Upasuaji

Katika mitaa ya Sinza, kuanzia Kijiweni hadi Mori na kutoka Shekilango hadi Makaburini, mtu anayelalamikia bega hukutana na ushauri wa aina tatu. Wa kwanza ni wa jirani: achue kwa mafuta, litapoa. Wa pili ni wa muuza dawa: ameze vidonge vya maumivu kwa siku 5, na visipomfaa arudi achukue vingine. Wa tatu ni wa mkubwa wake wa kazi, nao ni mfupi kuliko yote: hayo ni mambo ya umri. Miaka kadhaa baadaye mtu huyo huyo anafikishwa mbele ya daktari bingwa wa mifupa pale Muhimbili, mkono hauinuki tena, na ndugu zake wanauliza kama kilichokatika kinaweza kushonwa. Swali lao ni la haki. Lakini limekuja baada ya jibu lake kuwa limekwisha kuamuliwa kwingine, katika mitaa ile ile na katika ofisi zile zile ambamo mgonjwa alizungushwa.

Bega ni kiungo chenye uhuru wa kuzunguka kuliko kiungo kingine chochote cha mwili, na uhuru huo una gharama yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, lakini mahali kinapokaa ni padogo tena hapana kina. Ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Kinachozuia chungwa hilo lisiporomoke ni misuli minne itokayo kwenye mfupa mpana wa bega, ambayo kano zake huungana na kukifunika kichwa cha mfupa mithili ya kofia. Kano ya juu katika hizo nne ndiyo yenye taabu zaidi. Hupita katika mwanya mwembamba chini ya paa la bega, na hufanya kazi kila mara mkono unapoinuliwa. Mchora rangi anayepaka dari huitegemea, na mpagazi anayetwika magunia sokoni vile vile. Huitegemea pia mwalimu wa shule ya msingi, ambaye huanza kuandika mstari wa kwanza juu kabisa ya ubao ili wanafunzi wa madawati ya nyuma wapate kuona, na akaufuta, na akauandika tena kwa darasa linalofuata, miaka 30 na zaidi.

Kwamba kano hizo huchoka kwa umri si uzushi. Watafiti wa Marekani waliowapima kwa altrasaundi watu 588 wenye maumivu ya bega la upande mmoja, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006, walikuta kwamba wale ambao kano zao zilikuwa nzima walikuwa na wastani wa umri wa miaka 48.7, waliochanika bega moja walikuwa na wastani wa miaka 58.7, na waliochanika mabega yote mawili, miaka 67.8. Mtumishi wa umma nchini mwetu hulazimika kustaafu akiwa na miaka 60. Maana yake ni kwamba bega humfika wakati anapohesabu miezi ya mwisho ya utumishi, tena wakati ambapo hakuna mkubwa wa kazi anayeona haja ya kumhangaikia. Sinza yenyewe ni ushahidi. Viwanja vyake vilipimwa katika miaka ya 1970, katika mpango wa viwanja na huduma uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na watu wengi wa mishahara walijenga humo. Wale waliokuwa vijana wakati huo sasa ni wazee wanaoshindwa kutundika nguo kwenye kamba.

Hata hivyo si kila kano iliyochanika huuma. Uchunguzi uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 1999, kwa watu 411 ambao hawakuwa na malalamiko yoyote ya bega, uliwakuta asilimia 23 wakiwa na kano zilizochanika bila wao kujua. Na miongoni mwa waliozidi miaka 80 idadi hiyo ilikuwa asilimia 51. Jambo hilo yafaa likumbukwe na wote wanaodhani kwamba picha ya mpasuko ni amri ya kisu. Wapo wazee wanaokuna vichwa vyao na kuvaa kanzu zao bila shida wakiwa na kano iliyochanika, kwa sababu misuli iliyosalia imejifunza kuubeba mzigo.

Sayansi ya kushona kano hizi ina zaidi ya karne moja. Daktari Ernest Amory Codman wa Boston alitoa taarifa ya upasuaji wa namna hiyo mwaka 1911, na mwaka 1934 akachapisha kitabu kizima juu ya bega. Tangu wakati huo mambo yamebadilika sana. Leo daktari huingiza kamera kupitia tundu dogo lisilozidi upana wa kucha, husafisha mahali pa mfupa ambapo kano iling'oka, hupigilia humo vijinanga vyenye nyuzi imara, kisha huivuta kano na kuifunga mahali pake. Taifa letu halikubaki nyuma kabisa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, na upasuaji wa viungo kwa matundu madogo, ambao zamani ulimlazimu mgonjwa kusafiri ng'ambo, sasa unafanyika nchini. Hilo ni jambo la kujivunia, na magazeti yamelitangaza kwa haki. Kila kamera mpya inapofika hupigwa picha, na kila picha huwa na kiongozi mbele yake.

Lakini kamera haishiki kano. Kinachoshika kano ni kano yenyewe, na mfupa unaoipokea. Fundi cherehani yeyote wa Sinza analielewa jambo hili kuliko vitabu. Mletee kanga mpya iliyochanika kwenye msumari, ataishona na hutaona mshono. Mletee kanga iliyofuliwa miaka 10 na kuanikwa juani, atakuambia mapema: mama, nitashona, lakini uzi utaikata nguo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kano iliyodhoofika. Nyuzi za kisasa hazikatiki. Ila hupita ndani ya kano iliyolegea kama kisu ndani ya papai bivu. Na mfupa uliopoteza uimara, hasa wa mwanamke aliyekoma hedhi siku nyingi, huachia vijinanga ving'oke.

Ukubwa wa tatizo hilo umepimwa. Mwaka 2004, huko Marekani, walichunguzwa tena wagonjwa 18 ambao mipasuko yao ilikuwa mikubwa sana na ambao walikuwa wameshonwa kwa kamera na mabingwa. Kati yao 17 walikutwa wamechanika tena. Mwaka uliofuata madaktari wa Ufaransa walitoa taarifa ya wagonjwa 65 waliochanika kano ya juu peke yake: asilimia 71 waliunga sawasawa, lakini miongoni mwa waliozidi umri wa miaka 65 walioponya kano yao kikamilifu walikuwa asilimia 43 tu. Madaktari hao ni wale wale, vyombo vyao ni vile vile, hata nyuzi zao. Kilichotofautiana ni nguo.

Yupo atakayesema basi upasuaji huo ni kutupa fedha. La hasha. Wagonjwa wale wa mwaka 2004, ambao karibu wote walichanika tena, walieleza kwamba maumivu yao yalikuwa yamepungua mno, na wengi waliweza kuinua mkono kuliko zamani, ingawa kwa baadhi yao nafuu hiyo ilipungua miaka iliyofuata. Mtu ambaye hakulala usiku kwa miezi 8 hauiti usingizi kitu kidogo. Neno linalofaa hapa ni uaminifu: mgonjwa mwenye kano dhaifu aambiwe kabla ya kuweka sahihi kwamba huenda akapata nafuu ya maumivu bila kupata nguvu, na kwamba mshono wake unaweza usishike. Mgonjwa anayeelezwa hivyo huamua kama mtu mzima. Asiyeelezwa huondoka akidhani amerogwa, au daktari alikuwa mwanafunzi.

Sasa yafaa iulizwe udhaifu huo hutoka wapi. Umri ni sehemu yake, na umri hauna dawa. Lakini sehemu kubwa hutengenezwa na kungoja. Kano inapong'oka, msuli wake hukosa kazi. Na msuli usio na kazi husinyaa, kisha mafuta huanza kujipenyeza kati ya nyuzi zake. Mwaka 1994 Goutallier na wenzake wa Ufaransa waliyapanga mafuta hayo katika ngazi kuanzia 0 hadi 4. Katika ngazi ya 3 mafuta na nyama hulingana, na katika ya 4 mafuta yameishinda nyama. Uchunguzi mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 1,600, ulionyesha kwamba kwa kano ya juu mafuta ya kiasi huonekana kwa wastani wa miaka 3 baada ya dalili kuanza, na mafuta mengi kwa wastani wa miaka 5. Jambo baya zaidi ni kwamba mafuta yakishaingia kwa wingi hayarudi nyuma, hata kano ikishonwa na kushika. Daktari anaweza kurudisha kamba mahali pake. Hawezi kumfufua ng'ombe aliyekuwa akiivuta.

Miaka 3 hiyo ni mingi kwenye karatasi ya utafiti, lakini mtumishi wa kawaida huimaliza bila kutambua. Mwaka wa kwanza ni wa mafuta ya kuchua na vidonge. Mwaka wa pili ni wa kwenda Hospitali ya Sinza, ile watu waiitayo Palestina, kupigwa picha ya eksirei ambayo huonyesha mifupa mizima, na kuambiwa kwamba hakuna kilichovunjika. Maneno hayo ni kweli tupu, na yamewapotosha wengi, maana kano haionekani kwenye eksirei. Mwaka wa tatu ni wa kusubiri barua ya rufaa, kusubiri mitihani ya darasa la saba ipite, kusubiri mwanafunzi wa nyumbani amalize ada. Hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyefanya uovu. Ila msuli haungoji barua.

Kisha iko sindano. Dawa ya jamii ya steroidi ikidungwa begani na mtu anayejua huweza kutuliza uvimbe na kumpa mgonjwa nafasi ya kufanya mazoezi. Kwa kazi hiyo ni dawa nzuri. Ubaya huanza inapogeuka kuwa desturi. Nafuu yake hudumu wiki chache, mgonjwa hurudi, hudungwa tena, na hakuna anayehesabu. Dawa hiyo hiyo inayotuliza uvimbe hudhoofisha nyuzi za kano ikirudiwa rudiwa. Kumbukumbu za bima za wagonjwa wa Marekani zimeonyesha kwamba waliodungwa mara 2 au zaidi katika mwaka uliotangulia upasuaji walihitaji kurudiwa upasuaji kuliko wenzao, na kudungwa katika mwezi unaotangulia kisu huongeza hatari ya usaha. Mgonjwa wa Sinza anayepita kwenye vituo vitatu tofauti hubeba mwilini sindano ambazo hazimo katika daftari lolote. Kama kadi ya kliniki ya mtoto inaweza kuandikwa kila chanjo, haieleweki kwa nini bega la mtu mzima lisiwe na mstari wake mmoja katika kijitabu cha mgonjwa: tarehe, dawa, mkono upi.

Linalofuata ni kubwa kuliko sindano, nalo ni sukari. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake, waliopima maelfu ya watu wazima katika vijiji vya Tanzania, walichapisha katika jarida la Lancet kwamba wenye kisukari walikuwa karibu mtu 1 katika kila 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Kazi ya kukaa, chapati mbili na chai yenye sukari kila asubuhi, chipsi za jioni kando ya barabara; maisha haya ya mjini yana malipo yake, na bega ni moja ya mahali yanapolipwa. Sukari ikizidi katika damu hushikamana na nyuzi za kano na kuzifanya kavu na ngumu, na mishipa midogo ya damu inayopaswa kulisha jeraha hupungua nguvu. Utafiti uliofanywa Korea Kusini na kutolewa mwaka 2015 ulilinganisha wagonjwa walioshonwa: wasio na kisukari walichanika tena kwa asilimia 14.4, wenye kisukari kwa asilimia 35.9. Lakini ndani ya kundi la wenye kisukari ilionekana tofauti ambayo kila mtumishi angepaswa kuijua. Waliodhibiti sukari yao walichanika tena kwa asilimia 25.9, walioiacha ipande, asilimia 43.2. Vipimo vya sukari vya miezi 3 kabla ya kisu vinaweza kuokoa mshono kuliko kijinanga cha bei ghali kutoka ng'ambo.

Tumbaku nayo imo, kwa kuwa hupunguza damu inayofika kwenye kano. Na kuna dawa moja ambayo watu huinunua kama karanga: siprofloksasini, inayofahamika zaidi kwa jina fupi la sipro. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa za jamii hiyo zibebe onyo zito kuliko yote kwamba zaweza kusababisha kano kuvimba na kukatika, hasa kwa waliozidi miaka 60 na wanaotumia steroidi. Kano ya kisigino ndiyo huathirika zaidi, lakini za bega hazikusalimika. Mtu anayeimeza kwa kila tumbo linalouma, bila cheti cha daktari, anafanya jambo ambalo muuza dawa hakumweleza.

Haifai kuwachanganya watu hawa na kundi jingine ambalo Dar es Salaam inalizalisha kila siku. Kijana wa miaka 35 anayeanguka kutoka kwenye bodaboda pale Afrika Sana akaegemea mkono, na kesho yake akashindwa kuuinua, hana kano iliyochoka. Ana kano nzuri iliyong'olewa kwa nguvu. Kwake yeye upasuaji wa mapema, katika wiki na miezi michache ya mwanzo, una matumaini makubwa, na kumwambia achue kwa mafuta ni kumnyang'anya bega. Baada ya miaka 3 ya subira atakuwa amehamia kundi la wazee akiwa bado kijana. Tofauti kati ya makundi haya mawili haihitaji mtambo. Inahitaji muuguzi au tabibu wa zahanati aulize swali moja, yaani bega lilianza kwa kuanguka au lilikuja polepole, kisha amwombe mgonjwa ainue mkono mbele yake na autazame.

Wale wanaopenda kubana matumizi watataja utafiti wa Finland wa mwaka 2014. Huko wagonjwa waliozidi miaka 55, ambao mpasuko wao haukutokana na ajali, waligawanywa katika makundi: waliofanya mazoezi peke yake, walioongezewa upasuaji wa kukwangua mfupa, na walioshonwa kano. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Marekani nako, katika taarifa ya mwaka 2013, wagonjwa wapatao robo tatu waliopewa mpango maalumu wa mazoezi kwa mipasuko ya namna hiyo walikuwa hawajahitaji kisu baada ya miaka 2. Hoja hiyo ni nzito na inastahili kusikilizwa. Ila isikilizwe yote. Watafiti wa Norway waliowafuata wagonjwa wao kwa miaka 10, na kutoa matokeo mwaka 2019, walikuta kwamba kwa mipasuko midogo na ya kati walioshonwa walikuwa na hali bora kuliko waliopewa mazoezi tu. Tena mazoezi yaliyosemwa huko Finland na Marekani ni kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea, anayemwona mgonjwa wiki baada ya wiki. Anayetaja Finland ili kukwepa kununua kamera, kisha asiajiri mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya wilaya, hajataja Finland. Ametaja bure.

Kwa mgonjwa ambaye kano zake zimekwisha dhoofika, mlango haukufungwa wote. Daktari mwenye busara anaweza kushona sehemu tu inayofikika bila kuivuta kano kupita kiasi, maana kano iliyovutwa kama kamba ya hema hukatika mapema. Anaweza kuhamisha msuli mpana wa mgongoni ukafanye kazi ya uliokufa, njia ambayo Christian Gerber wa Uswisi aliieleza mwaka 1988. Na iko dawa ya mwisho, kiungo bandia kilichobuniwa na Mfaransa Paul Grammont mwaka 1985, ambacho huyageuza maumbile: tufe huwekwa palipokuwa kisosi, na kisosi palipokuwa tufe, ili msuli mkubwa wa nje ya bega uuinue mkono bila kano zile. Ni ubunifu wa ajabu. Pia ni chuma kiletwacho kwa fedha za kigeni, na nchi isiyotunza mabega ya mwanzo itajikuta inanunua ya mwisho.

Mwaka 1964 Profesa Richard Titmuss na wenzake, katika ripoti yao juu ya huduma za afya za Tanganyika, walishauri nguvu zielekezwe kwenye vituo vya afya na kinga kuliko kwenye hospitali kubwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi ilifuata njia hiyo, ikajenga zahanati na vituo vijijini. Wakati ule adui alikuwa malaria, surua na utapiamlo, wala hakuna aliyefikiri habari za kano za bega. Hata hivyo mantiki yake inafaa hapa kama ilivyofaa kule. Madaktari wa upasuaji wa bega watakuwa wachache kwa miaka mingi ijayo. Watu wa kuamua ni nani afike kwao, na afike na kano ya hali gani, wanaweza kuwapo kila wilaya.

Mfano ni altrasaundi. Hospitali nyingi za wilaya zinayo, kwa ajili ya mama wajawazito. Mkononi mwa mtu aliyefunzwa, mashine hiyo huonyesha mpasuko kamili wa kano ya bega kwa usahihi unaokaribia ule wa MRI, na kwa gharama ndogo sana. Kinachohitajika ni kichwa cha kupimia kilicho tofauti na kile cha tumbo, na mpimaji aliyejifunza kutazama bega. Kadhalika fiziotherapia. KCMC ya Moshi imefundisha wataalamu wa kazi hii kwa miongo mingi, na wengi wao hufanya kazi nzuri katika vyumba ambavyo wakubwa wa hospitali huvifikia mwisho wanapokagua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha mafao yake hawana budi kukumbuka kwamba upasuaji wa kano bila miezi ya mazoezi baada yake ni nusu ya tiba iliyolipiwa bei kamili. Mazoezi yahesabiwe pamoja na kisu katika hati moja, yasiwe kibali kingine cha kupangia foleni.

Linabaki jambo la mwajiri, ambalo daktari hawezi kuliandikia dawa. Mtu aliyeshonwa kano hufungwa mkono kwa wiki 4 hadi 6, na mwenye kano dhaifu huelekea kwenye hizo 6. Katika muda huo mtu mwingine au mkono wake mzima ndio huuinua mkono ulioshonwa, wenyewe haujiinui. Mazoezi ya nguvu huanza karibu na wiki ya 12. Nguvu kamili, ikija, huja kati ya mwezi wa 6 na wa 12. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Siku zipo. Ila mwalimu mwenyewe huzikatisha, kwa aibu ya kuwaachia wenzake vipindi, au kwa sababu mkuu wa shule amemuuliza kwa sauti ya upole kama hajapata nafuu.

Mwalimu huyo angeweza kupangiwa vizuri kuliko hivyo. Shule zinapofungwa mwanzoni mwa Desemba afanyiwe upasuaji, awe amekwisha pimwa sukari tangu Septemba. Mkono utafunguliwa katikati ya Januari. Arudi shuleni, lakini asipewe ubao; apewe kusahihisha madaftari, kutunga majaribio na kusimamia maktaba, na mwanafunzi mrefu wa darasa la saba aandike mstari wa juu badala yake hadi shule zitakapofungwa tena mwezi Juni.